Nini, Wapi, Lini

Mwezi unapokwisha, muuguzi wa zahanati hutenga saa kadhaa za kukaa na vitabu. Kwa Tanzania Bara vitabu hivyo ni vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na kila kimoja huitwa kwa namba yake: cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, cha 12 cha wodi ya wazazi. Ni rejista pana; ukiifungua moja, meza imejaa. Muuguzi huweka rula chini ya jina la kwanza katika Kitabu cha 6, kisha huishusha mstari kwa mstari. Mama huyu ni hudhurio la kwanza na mimba yake haijafika wiki 12: kistari kimoja kwenye karatasi ya kuhesabia. Huyu naye ni hudhurio la kwanza, lakini mimba imevuka wiki 12: kistari kwenye safu ya pili. Vistari vinne vikitimia, cha tano hupigwa mshazari juu yake, vikafungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Akifika mwisho hujumlisha mafungu, huandika jumla kwenye fomu ya mwezi, halafu hurudi juu kuhakiki. Mgonjwa akiingia, huinuka kumhudumia, kisha huirudia rula pale pale alipoiacha.

Fomu hiyo ikifika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, mtu wa takwimu hufungua kompyuta. Kushoto mwa skrini kuna mti: nchi, mkoa, halmashauri, kituo. Hubofya jina la zahanati, huchagua fomu, huchagua mwezi, na fomu ile ile ya karatasi hutokea mbele yake, visanduku vikiwa vitupu. Huandika 17 na kuhamia kisanduku kinachofuata. Kwa kitambo kidogo kile cha 17 huwa cha njano: tarakimu iko njiani. Kisha hugeuka kijani: imefika, imehifadhiwa.

Programu hiyo inaitwa DHIS2. Wakenya waliijua kwa jina hilo, kisha ikazoeleka kuitwa KHIS. Wizara za afya za zaidi ya nchi 70 huitumia, na haiuzwi. Nataka kuwaandika watu waliouunda ule ukijani, kwa sababu kazi yao ni ufundi hasa, wa kupima, kukata, kuunga na kurudia, na imewachukua miaka inayokaribia kizazi kizima.

Mbao za kwanza zilikatwa Cape Town. Afrika Kusini ilipoutupa ubaguzi wa rangi mwaka 1994 ilirithi idara za afya 14, zilizogawanywa kwa rangi ya ngozi na kwa yale maeneo ambayo utawala wa Makaburu uliwatengea Waafrika na kuyaita nchi zao. Kila idara ilikuwa na fomu zake, mipaka yake, na maana yake ya kila neno. Serikali mpya ilitaka kujua jambo moja tu la msingi: huduma zinamfikia nani, na wapi hazifiki. Hakukuwa na namna ya kujumlisha. Ndipo kikundi cha watafiti na wataalamu wa afya ya jamii kutoka vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape, pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo, kilipoanzisha mradi uliojulikana kwa kifupi HISP. Miongoni mwao walikuwa Jørn Braa kutoka Norwei, na Calle Hedberg, ambaye ndiye aliyeiandika programu ya kwanza.

Lakini programu haikuja kwanza. Walianza na fomu. Walikaa na wauguzi na mameneja wa wilaya tatu za majaribio na kulipitia kila swali lililokuwa likiulizwa kwenye karatasi. Nani anaitumia tarakimu hii? Anaamua nini kwayo? Palipokosekana jibu, swali likawekwa kando. Kilichobaki ni orodha fupi ya vitu ambavyo kila kliniki ingevihesabu kwa maana ile ile. Hatua hii ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Mwandika programu hupewa sifa kwa kuongeza; hawa walitumia miezi wakipunguza, na kila walichokipunguza kilikuwa na mtu aliyekizoea na kukitetea. Fundi cherehani mzuri hutumia muda mrefu zaidi na futi ya kupimia kuliko na mkasi, na mteja asiyejua humwona anachelewa.

Tabia hiyo ya kukaa na mfanyakazi kabla ya kugusa mashine ilikuwa na asili yake. Huko Oslo, Kristen Nygaard, aliyeunda lugha ya kompyuta ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl katika miaka ya 1960, baadaye alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali wa Norwei. Aliamini kwamba mtu atakayeitumia mashine ana haki ya kushiriki kuiunda, na kwamba maarifa yake ya kazi ni malighafi ambayo mhandisi hawezi kuipata kwingine. Wanafunzi wa mapokeo hayo ndio waliotua Cape Town. Muuguzi aliyejua ni safu gani hujazwa kwa kubahatisha mwisho wa siku ndefu alikuwa mwalimu wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hedberg alikuwa na toleo la kwanza, lililojengwa juu ya Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini. Alilipeleka kliniki likiwa bado bichi, akalitazama likitumiwa, akarudi kulirekebisha, akalipeleka tena. Jambo lililolalamikiwa wiki hii liliweza kuonekana limetengenezwa katika toleo la wiki ijayo. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 lilikuwa likitumika Afrika Kusini nzima.

Sasa nifike kwenye kiungo chenyewe, kwa sababu jengo zima limesimama juu yake.

Mwandika programu mwenye haraka angeichukua fomu ya Western Cape na kuichora moja kwa moja ndani ya msimbo: kisanduku hiki ni cha chanjo ya surua, hiki cha kifua kikuu. Ingependeza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wizara ingebadilisha safu mbili, na mwandika programu angelazimika kufumua. Watu wa HISP walifanya vingine. Waliamua kwamba programu isijue lolote kuhusu surua wala kifua kikuu. Ijue mambo matatu tu kuhusu kila tarakimu: ni ya nini, ni ya wapi, ni ya lini. Ile 17 ya muuguzi wetu huhifadhiwa ikiwa imeshikwa pembe tatu: wajawazito wa hudhurio la kwanza chini ya wiki 12, zahanati fulani, mwezi fulani wa mwaka fulani. Tarakimu isiyo na mojawapo ya pembe hizo haina mahali pa kukaa. Yenye zote tatu inaweza kujumlishwa na nyenzake kwa mkoa au kwa mwaka, au kulinganishwa na jirani yake, bila mtu kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Kwa hiyo wizara inapotaka kuhesabu kitu kipya haimwiti mhandisi. Ofisa wake hufungua ukurasa wa matengenezo, huandika jina la kitu hicho, huchagua kama ni idadi au ndiyo na hapana, hueleza kama kigawanywe kwa jinsi na kwa umri, kisha hukipanga ndani ya fomu. Fomu ni samani ya kila nchi. Waundaji wa programu walitengeneza kiungo tu, wakakipiga msasa hadi kila ubao uingie. Ndiyo maana programu iliyozaliwa kwenye kliniki za Cape Town iliweza baadaye kubeba shule za Gambia bila kubadilishwa moyo. Shule nayo ina nini, wapi na lini.

Kila pembe ilikuwa na ugumu wake, na hapa ndipo uvumilivu unapoonekana.

Pembe ya "wapi" ni mti, na miti ya serikali haitulii. Mwaka 2013 Kenya ilihama kutoka mikoa 8 kwenda kaunti 47. Tanzania ilipata mkoa wa Songwe mwaka 2016, uliomegwa kutoka Mbeya. Katika mti wa DHIS2 kila kituo kina tarehe ya kufunguliwa na, kikifa, tarehe ya kufungwa. Hakifutwi, kwa maana ukikifuta umefuta na watu waliotibiwa pale. Tawi likihamishwa chini ya shina jipya, matunda yake ya zamani huhama nalo. Zahanati za Songwe zikiwekwa chini ya Songwe, mkoa huo huwa na historia ya takwimu iliyotangulia kuzaliwa kwake, na Mbeya nayo hupungukiwa hata kwa miaka iliyopita. Mtu akilinganisha na kitabu kilichochapwa zamani atakuta jumla hazilingani, na itabidi aelezwe. Waundaji waliuona mkanganyiko huo na wakauchagua, kwa sababu mganga mkuu wa mkoa mpya anahitaji kujua malaria ya eneo lake ilikuwaje jana, nani alilitawala eneo hilo hapo zamani si haja yake. Nakubaliana nao.

Pembe ya "lini" inaonekana rahisi hadi ufike Ethiopia. Mwaka wa Ethiopia una miezi 12 ya siku 30, na mwezi wa 13 wenye siku tano au sita. Mwaka mpya huanza Septemba. Nepal nayo ina kalenda yake, ambayo miezi yake haitabiriki kwa kanuni moja nyepesi. Jibu jepesi lingekuwa kuwaambia Waethiopia watumie kalenda ya wengine. Badala yake programu yenyewe ilifundishwa kalenda hizo, na muuguzi wa huko huchagua mwezi anaoujua, ule ulioandikwa kwenye rejista yake.

Na pembe ya "nini" ina jambo dogo ambalo hunifurahisha: tofauti ya sifuri na pengo. Zahanati iliyoandika 0 kwenye mstari wa kipindupindu imesema jambo kubwa, kwamba imetazama na haikuona mgonjwa. Zahanati iliyoacha wazi haijasema kitu. Kwa kompyuta ni rahisi kuzichanganya. Ndani ya DHIS2 sifuri haihifadhiwi kila mahali, maana zingejaza seva bila faida. Lakini kwa kila kitu kinachohesabiwa kuna mahali pa kuweka alama kwamba hapa sifuri ina maana, itunzwe. Mtu aliyefikiria alama hiyo alikuwa ameshawahi kuisoma taarifa ya kituo na kujiuliza, hawa hawana ugonjwa au hawana kalamu?

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro isiyotengenezeka: liliishi ndani ya kompyuta moja. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake, na tarakimu zilipandishwa juu kwa disketi, baadaye kwa flashi. Nakala zikitofautiana, miti yao hutofautiana pia, na mtu wa mkoani hutumia siku nyingi akipatanisha majina ya vituo. Kuanzia 2004 Oslo walianza kuijenga upya kabisa, safari hii kwa lugha ya Java, iende kwenye kivinjari chochote, iwe huria ili yeyote auone msimbo wake na kuubadilisha. Wengi wa wajenzi walikuwa wanafunzi wa chuo. Mmoja wao, Lars Helge Øverland, alibaki akawa kiongozi wa waandika programu kwa miaka mingi. Uwanja wa kwanza wa toleo la pili ulikuwa jimbo la Kerala nchini India, mwaka 2006. Hedberg alikuwa mtu mmoja akiwa karibu na kliniki zake. Sasa kulikuwa na mikono mingi, mabara matatu, na kila mmoja akisubiri mwenzake. Ilichukua miaka kabla kazi mpya haijafikia wepesi wa ile ya zamani. Hata hivyo hawakuitupa ile mpya. Msumari mmoja kwa mwezi, nyumba husimama.

Kisha Kenya. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa, na ghafla modemu ndogo ya kampuni ya simu, ile ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, ikawa na kasi ya kutosha. Mpango ulikuwa kufunga programu kwenye kompyuta ya kila wilaya, kama ilivyofanyika Sierra Leone. Wataalamu wa wizara na wenzao wa HISP walipoingia katika majaribio waliuliza swali la kifundi: je, tukiweka seva moja tu, na wilaya zote ziingie kwa modemu? Mkoa wa Pwani ukawa mahali pa kujaribia. Iliwezekana. Kabla ya 2011 kwisha nchi nzima ilikuwa inaandika kwenye seva moja, mti mmoja, kila mtu akiona tarakimu ile ile kwa wakati ule ule. Kusini mwa Sahara hakuna nchi iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake.

Ila modemu ina tabia zake. Mtu amejaza visanduku 60, mtandao unakatika kwenye cha 61, na vyote vinapotea. Likitokea mara mbili, mara ya tatu hatajaza. Wajenzi walilijua hilo kwa kuwa walikuwa wamekaa pale likitokea. Wakati huo vivinjari vilikuwa vimeanza kupata uwezo wa kutunza kumbukumbu ndogo ndani yao. Waliutumia uwezo huo. Mtandao ukikatika, mtu wa takwimu huendelea kuandika. Tarakimu hukaa ndani ya kivinjari chake, na ujumbe juu ya skrini humweleza kwamba yuko nje ya mtandao. Mtandao ukirudi, ujumbe hubadilika: una tarakimu zilizohifadhiwa hapa, zipakie. Hubofya mara moja. Teknolojia hiyo haikuvumbuliwa kwa ajili ya hospitali za Afrika. Ilichukuliwa ilipokuwa na kuwekwa mahali hasa palipouma.

Tazama pia adabu ya programu hii mbele ya tarakimu inayotia shaka. Kutokana na taarifa za miezi iliyopita hukadiria kiwango cha chini na cha juu kwa kila kituo. Zahanati iliyozoea wagonjwa 30 wa kuharisha ikiandika 300, kisanduku hubadilika rangi na onyo hutokea. Lakini tarakimu hupokelewa. Ukibofya mara mbili juu yake dirisha hufunguka na kukuonyesha grafu ya mwaka mzima, nani aliandika, lini, na kama kuna aliyebadilisha. Unaweza kuiwekea nyota ifuatiliwe. Fundi mwenye kiburi angeikataa ile 300. Lakini huenda sifuri imezidi, au huenda kipindupindu kimeingia kijijini, na programu iliyoko kwenye seva ya mbali haiwezi kujua ni lipi. Humwachia mtu anayeweza kupiga simu.

Kanuni za uhakiki ni ndugu wa jambo hilo. Waliokutwa na vimelea vya malaria hawawezi kuzidi waliopimwa. Mtu wa takwimu akiendesha uhakiki, orodha hutokea, pande mbili zikiwa zimewekwa kando kwa kando: waliopimwa 40, waliokutwa na vimelea 52. Haielezi kosa liko upande gani. Ofisa huchukua fomu ya karatasi, huweka kidole, na mara nyingi hukuta safu mbili zimebadilishana.

Usiku, ofisi zikiwa zimefungwa, seva hufanya kazi ambayo hakuna mtu anayeiona. Tarakimu zote hutunzwa kwenye jedwali moja refu mno, kila mstari una tarakimu moja na pembe zake. Ni zuri kwa kuhifadhi, ni baya kwa kusoma. Kwa hiyo programu hulipitia na kuziandika upya tarakimu zile zile katika majedwali mengine, yaliyokwisha kupangwa kwa mkoa, kwa mwaka, kwa robo mwaka. Hukokotoa pia viashiria. Watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta mwezi huu huwekwa juu. Chini huwekwa watoto wote walio chini ya mwaka mmoja. Lakini wa juu ni wa mwezi na wa chini ni wa mwaka, na asiyekuwa makini angeripoti asilimia 8 palipo na 96. Programu huuliza tangu mwanzo kama kiashiria kipanuliwe kuwa cha mwaka, na hufanya hesabu hiyo kila mara bila kusahau. Asubuhi mganga mkuu akibofya ramani, huchorwa kwa sekunde chache. Wepesi wa asubuhi umelipiwa usiku.

Hata hivyo ninachokiona kuwa kilele cha ufundi huu hakikutokea ndani ya kompyuta. Kilitokea Zanzibar. Visiwa vilianza na toleo la kwanza mwaka 2005, na baada ya hapo wizara ikaweka desturi ya warsha kila robo mwaka. Timu ya kila wilaya ilisimama mbele ya wenzake na kuonyesha takwimu zake yenyewe: hizi ndizo chanjo zetu, hivi ndivyo akina mama walivyojifungulia vituoni. Wengine waliuliza. Mbona asilimia yenu imevuka mia? Mbona Pemba mmeshuka? Mtu aliyeleta tarakimu za kubahatisha aliona haya mbele ya watu anaowafahamu, na robo iliyofuata alikuja na nzuri zaidi. Kwa kusomeana hivyo waligundua pia kwamba viashiria vingine havikuwa na maana na kwamba fomu zilikuwa na vitu visivyotumika, zikafanyiwa marekebisho. Ni lile jambo la Cape Town likirudi: watumiaji mezani, fomu mbele yao, na swali la nani anaitumia tarakimu hii. Bara nako, wizara na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliishika kazi hiyo kwa miaka, wakiifunga MTUHA ndani ya DHIS2 fomu kwa fomu, na kufikia 2013 mikoa yote ilikuwa imeingia.

Hivyo ndivyo ilivyokua. Kampuni ya kawaida hukua kwa kuuza leseni nyingi zaidi. Hii haina leseni ya kuuza. Imekua kwa watu waliofundishwa. Vijana wa Msumbiji, Malawi, Tanzania, Ethiopia na India walisoma shahada za juu kwa kuifanyia kazi programu hii katika nchi zao, na wengi walirudi kuunda vikundi. Leo kuna HISP ya Afrika Kusini, ya India, ya Uganda, ya Tanzania, ya Afrika Magharibi na Kati, na nyinginezo. Kila kimoja huhudumia serikali za eneo lake na kupeleka Oslo orodha ya kinachouma, na toleo jipya hutoka likiwa na dawa ya baadhi ya maumivu hayo. Januari 2020 Sri Lanka ilihitaji njia ya kuwafuatilia wasafiri wanaotoka sehemu zenye korona. Kikundi cha huko kilichukua DHIS2 na kwa siku chache wakawa na mfumo uwanja wa ndege. Oslo wakauchukua, wakausafisha, wakautoa kwa wote, na nchi nyingi zikaupokea. Mwaka huo huo manispaa za Norwei zilipotafuta chombo cha kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa, zilitumia DHIS2. Programu iliyojifunza kazi kwa wauguzi wa Cape Town ilikwenda kuhudumia nchi ya waliokwenda kuijenga.

Sina shaka juu ya ubora wa kazi hii. Nina wasiwasi juu ya watunzaji wake. Fedha nyingi zinazoilisha hutoka kwa wafadhili wa nje, na kila mfadhili huja na viashiria vyake. Kwa sababu kuongeza safu ni rahisi, huongezwa, na fomu ambazo mafundi walizipunguza kwa subira hunenepa tena. Uzito wa safu hiyo mpya haubebwi na seva. Unabebwa na yule mwenye rula. Wizara zetu zingelipa zenyewe mishahara ya vijana wanaotunza seva na miti ya vituo, zingekuwa na nguvu ya kusema safu hii hatuihitaji.

Na wewe uliye ofisi ya afya ya wilaya, mwenye neno la siri la kuingia humo, ninalo ombi. Karatasi zimepanda juu kila mwezi kwa miaka, na kwa vituo vingi hakuna kilichoshuka. Mwezi huu chagua zahanati moja. Fungua tarakimu zake za hudhurio la kwanza chini ya wiki 12 kwa mwaka mzima, tengeneza grafu moja, ichapishe, umpe dereva wa gari la chanjo aipeleke. Muuguzi aibandike ukutani, juu ya meza anayofungulia Kitabu cha 6.